AKILI HAIMIMINWI KICHWANI

Tangu zamani wanadamu wamebishana juu ya chanzo cha akili. Wapo waliosema kwamba mtoto huzaliwa kichwa chake kikiwa kitupu, mfano wa ubao mweusi kabla mwalimu hajaingia darasani, na kwamba yote atakayoyajua yataandikwa juu ya ubao huo na wazazi, walimu na walimwengu. Wapo pia waliosema kinyume chake: kwamba mtu huja duniani akili yake ikiwa imekwisha kupimwa na kufungwa, huyu kibaba, yule pishi, na kwamba malezi hayawezi kumwongezea wala kumpunguzia kitu. Ugomvi huu si wa wanafalsafa peke yao. Mwalimu anayesema "mtoto huyu hana kichwa" amekwisha kuchagua upande, sawasawa na yule anayedhani kwamba fimbo na kukaririsha vinaweza kumjaza mtoto chochote.

Lipo jibu la tatu, nalo ndilo shabaha ya makala haya. Linasema kwamba ubongo wa kila mtoto hujijenga kwa njia inayofanana na ile ambayo viumbe vyote vimejengeka kwayo: kwa kuotesha vingi kuliko vinavyohitajika, kisha kuviacha vibakie vile tu vilivyopata kazi. Kwa mujibu wa jibu hili, akili haimiminwi wala haiji imefungwa. Huteuliwa, na uteuzi wenyewe una majira yake.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali twakumbuka kuelezwa kwamba neno hili akili tumelipata kwa Waarabu, na kwamba kwao lina udugu na kamba afungwayo ngamia mguuni asije akapotea. Wenye lugha hiyo waliiona akili kuwa ni kizuizi, kitu kinachoyafunga mengi ili machache yaende sawa. Ajabu ni kwamba wachunguzi wa ubongo wamefika jirani na hapo hapo, ingawa wao walipitia njia ya mayai ya kuku na watoto wa paka.

Mwaka 1859 Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba viumbe wa jamii moja hawafanani sawasawa; kwamba huzaa wengi kuliko watakaoweza kuishi; na kwamba wale ambao tofauti zao zawafaa mahali walipo ndio wabakiao, nao huwarithisha watoto wao tofauti hizo. Katika kitabu kile Darwin karibu hakumgusa mwanadamu kabisa. Alingoja hadi mwaka 1871 ndipo alipotamka kwamba hata akili ya mtu imetokana na njia hiyo, na kwamba kati yake na akili za wanyama walio karibu naye kuna tofauti ya kiasi, si ya aina.

Aliyempinga hakuwa adui yake. Alfred Russel Wallace alikuwa ameivumbua hoja hiyo hiyo peke yake, na maandishi yake yalisomwa pamoja na ya Darwin mjini London mwaka 1858. Lakini mwaka 1869 Wallace aliandika kwamba uteuzi wa asili hauwezi kuueleza ubongo wa mwanadamu. Sababu aliyoitoa inastahili kuangaliwa kwa makini. Yeye alikuwa ameishi miaka 8, tangu 1854 hadi 1862, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia na Malaysia, miongoni mwa watu ambao Wazungu wa siku zile waliwaita washenzi. Akaona kwamba ubongo wao haupungui kitu cha maana mbele ya ubongo wa mwanachuoni wa Ulaya, ilhali maisha yao, kwa macho yake, hayakudai hesabu za juu wala falsafa. Akauliza: uteuzi utampaje mtu chombo kikubwa kuliko kazi yake? Akajibu kwamba hapana budi nguvu nyingine yenye hekima imeingia kati. Darwin alisikitika sana.

Wallace alikosea katika kudhani kwamba maisha ya mvuvi au mwindaji yahitaji akili kidogo. Mtu aliyewahi kumsikiliza nahodha wa jahazi akisema juu ya nyota, pepo za kaskazi na kusi, mikondo na rangi ya maji, hawezi kudhani hivyo. Hata hivyo ushahidi wa macho yake ulikuwa wa kweli, na laiti waliokuja baada yake wangaliushika. Hawakuushika. Waliichukua habari ya mageuko ya viumbe wakaifanya ngazi, wakajiweka wenyewe juu na wengine wote chini, kila taifa na kipago chake.

Ngazi hiyo ilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha katika jarida moja la anatomia la Uingereza taarifa juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima uzito wa bongo za maiti za Waafrika na unene wa gamba lao la nje, akatoa hukumu kwamba vyote ni pungufu vikilinganishwa na vya Mzungu. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alizitumia habari za namna hiyo kutilia shaka faida ya kumsomesha Mwafrika elimu ya kizungu. Akafuata J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kwa miaka mingi, ambaye mwaka 1951 aliandika kwamba namna Mwafrika anavyofikiri yafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu za mbele za ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa kijitabu chake juu ya Mau Mau, ambamo vita vya kudai ardhi vilielezwa zaidi kama msukosuko wa nafsi za watu. Kasumba hii haikuishia katika vitabu. Ndiyo iliyoamua ni madarasa mangapi yajengwe, kwa ajili ya nani, na mtoto wa Kiafrika afundishwe hadi kiwango gani.

Kuibomoa si kazi ngumu. Ubongo wa Albert Einstein, ulipopimwa baada ya kufa kwake mwaka 1955, ulikuwa na uzito wa gramu 1,230, yaani chini ya wastani wa wanaume wa Ulaya. Ubongo wa mwandishi wa Kirusi Turgenev ulipita kilo 2, na wa mwandishi wa Kifaransa Anatole France ulizidi kilo 1 kidogo tu, na huyo wa pili alipata Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, lishe, umri, maradhi, na hata jinsi ubongo wenyewe ulivyohifadhiwa kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Zaidi ya hayo, mageuko ya viumbe si ngazi bali ni mti wenye matawi, na wanadamu wote walio hai leo wamekaa kwenye kijitawi kimoja, ambacho kiliota katika bara hili letu.

Msomaji aweza kuuliza: maadamu fikra hii imetumika kututukana, kwa nini tusiitupe? Kwa sababu waliotutukana hawakuitumia. Waliazima jina lake tu. Ilipokuja kutumiwa ipasavyo juu ya ubongo, ikatoa matokeo ambayo Vint na Carothers wasingeyapenda hata kidogo.

Kisa chenyewe hakianzii kichwani bali katika damu. Mtoto aliyeugua surua akapona haugui tena, kwa sababu mwili wake umebaki na kingamwili zinazoitambua surua. Mwili umejuaje umbo la kijidudu ambacho haujapata kukiona? Mwaka 1940 Linus Pauling wa Marekani, mkemia hodari kupita kiasi, alijibu kwamba kijidudu ndicho kinachofundisha: kingamwili ni kama udongo laini unaokandamizwa juu yake hata ukachukua umbo lake. Jibu hilo lilipendeza, tena lilikuwa la uongo. Mwaka 1955 Niels Jerne wa Denmark, na mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia, walieleza kinyume chake. Mwili hutengeneza mapema aina nyingi mno za kingamwili, kabla ya kukutana na adui yeyote. Kijidudu kinapoingia hakifundishi kitu. Hukutana tu na ile aina moja miongoni mwa nyingi ambayo kwa bahati yalingana nacho, na seli inayoitengeneza aina hiyo huanza kuzaana kwa wingi. Kwa mfano wa sokoni, mwili si fundi cherehani anayengoja mteja aje apimwe. Ni duka lililojaa nguo za vipimo vyote, na ile inayomwenea mteja ndiyo inayoagizwa tena.

Miongoni mwa waliothibitisha muundo wa kingamwili alikuwa Gerald Edelman wa New York, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1972 pamoja na Rodney Porter wa Uingereza. Baada ya hapo Edelman aliiacha damu akauendea ubongo. Aliona kwamba watu waliokuwa wakieleza jinsi ubongo unavyojifunza walikuwa wakirudia kosa la Pauling: walidhani kwamba dunia huukandamiza ubongo na kuupa umbo. Mwaka 1978 alianza kuchapisha wazo kwamba hapa napo kazi ni ya uteuzi, na mwaka 1987 akatoa kitabu kikubwa ambacho jina lake lilimfunga Darwin pamoja na neva. Nchini Ufaransa, Jean-Pierre Changeux na wenzake walikuwa wamefika karibu na wazo hilo tangu mwanzo wa miaka ya 1970.

Tulitazame kwa hesabu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, kwa mujibu wa hesabu iliyotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Brazil. Kila seli hupashana habari na maelfu ya wenzake kupitia viungio vidogo sana viitwavyo sinapsi, na jumla ya viungio hivyo ni matrilioni mengi. Kwa upande wa pili, jeni za mwanadamu zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini ni kama 20,000 tu. Hapana njia ambayo jeni 20,000 zingeweza kuandika anwani ya kila kiungio. Ziwezalo ni kutoa ramani ya jumla: neva za macho zielekee huku, za masikio kule, nazo zichipue kwa wingi. Mengineyo hukamilishwa kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayotuhusu.

Dalili yake ya kwanza ilionekana katika mayai. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini nchini Italia ilipitisha sheria za ubaguzi, na daktari kijana Rita Levi-Montalcini, kwa kuwa alikuwa Myahudi, akafungiwa milango ya chuo kikuu. Alijenga maabara ndogo katika chumba chake cha kulala mjini Turin, akawa ananunua mayai na kuchunguza neva za viinitete vya kuku huku vita vikiendelea. Baada ya vita alikwenda Marekani kufanya kazi na Viktor Hamburger. Waligundua kwamba kiinitete hutengeneza seli za neva nyingi kuliko zitakazohitajika, na kwamba katika baadhi ya sehemu za uti wa mgongo karibu nusu yake hufa kabla kifaranga hakijatoka yaini. Hazifi kwa ugonjwa. Kila moja hutuma mzizi wake kuutafuta msuli. Zinazofika hupata chakula kutoka huko, zisizofika hukosa, nazo hunyauka. Kwa kuvumbua chakula cha namna hiyo yeye na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1986. Twakitaja kisa hiki kwa makusudi. Sheria iliyodai kuwapanga watu kwa ubora wa damu zao ilimfukuza chuoni mmoja wa watu wachache waliojua kuisoma lugha ya neva.

Katika ubongo wa mwanadamu kupukutika huku hudumu kwa miaka. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alichapisha hesabu ya sinapsi alizozihesabu moja moja, kwa hadubini, katika bongo za watu waliokufa wakiwa na umri mbalimbali. Aligundua kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, mtoto wa mwaka 1 au 2 ana msongamano wa sinapsi unaomzidi mtu mzima kwa karibu nusu nzima. Kisha hupungua pole pole hadi ujana. Kwa hiyo mtoto anapokua na kuelewa mengi zaidi, viungio vyake vinapungua.

Mkulima halishangai jambo hili. Hutia mbegu 3 au 4 za mahindi katika shimo moja, kisha miche ikiota huing'oa iliyozidi ili iliyobaki inenepe. Ila mfano huu una mpaka wake: shambani yupo mwenye jembe anayechagua. Ubongoni hayupo. Kiungio kinachotumika pamoja na wenzake huimarika, kisichotumika hudhoofu na kuondolewa, na anayechagua ni matumizi yenyewe.

Ushahidi ulio wazi kupita wote ulitoka kwa paka. David Hubel na Torsten Wiesel, ambao walikuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, walikuwa wakichunguza katika Chuo Kikuu cha Harvard sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho. Mwaka 1963 walitoa habari za watoto wa paka walioshonwa ukope wa jicho moja mara baada ya kuzaliwa, wakaachwa hivyo kwa miezi kama 3, kisha wakafunguliwa. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Mwanga uliingia na neva zake zilifanya kazi. Lakini ubongoni karibu hapakuwa na seli iliyolijibu, na paka alipotakiwa kulitumia jicho hilo peke yake alienda kama kipofu. Walipomfanyia paka mkubwa vivyo hivyo, hata kwa muda mrefu zaidi, hakudhurika.

Basi hapo mtu angesema: ni rahisi, jicho lisilotumika hufa njaa. Lakini mwaka 1965 waliyafunga macho yote mawili. Ikiwa kukosa mwanga ndiko kunakodhuru, ubongo wa paka huyu ungekuwa na hali mbaya maradufu. Haikuwa hivyo. Seli nyingi bado ziliyajibu macho yote mawili, hata kama baadhi zilijibu vibaya. Maana yake ni kwamba jicho la kwanza halikupoteza nafasi kwa sababu ya giza peke yake. Lilipoteza kwa sababu jirani yake alikuwa kazini, akaitwaa nafasi yote. Ni mashindano, yale yale aliyoyasema Darwin juu ya viumbe wagombeao riziki moja, safari hii ndani ya fuvu la mnyama mmoja na katika majuma machache.

Wanadamu nao hupitia jambo hili, na mahali pa kulisikia ni katika matamshi. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wa mji wa Vancouver nchini Canada, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza. Wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, watoto hao walitofautisha bila shida sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuweza kuzitofautisha. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuweza tena. Masikio yao hayakuharibika. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba nyumbani kwao tofauti ile haina kazi.

Sisi hatuna haja ya kwenda Vancouver. Mtu wa Mombasa au Lamu husikia mara moja tofauti kati ya paa la nyumba na paa anayewindwa, au kati ya kaa la moto na kaa wa baharini, kwa pumzi inayotoka pamoja na herufi ya kwanza. Wengi waliokulia bara, wakiisema Kiswahili tangu utotoni, hawaisikii tofauti hiyo hata ukiwarudia mara kumi, nao hudhani unawafanyia mzaha. Na walimu wa chuo wajua vyema kwamba mtoto aliyeletwa kwao mdogo hulitoa dhadi la Kiarabu bila jasho, ilhali mtu mzima anayeanza kusoma hulipigania mwaka mzima. Hapana anayeweza kusema kwamba mtu wa pwani ana ubongo bora kuliko wa bara, au kinyume chake. Kila mmoja alizaliwa na uwezo wa sauti zote, akapukutishiwa zile ambazo jirani zake hawakuzitumia.

Hapo ndipo hukumu ya Vint inapoporomoka kabisa. Yeye alidhani anapima urithi. Hata kama vipimo vyake vingekuwa sahihi, ubongo wa mtu mzima umebeba ndani yake maisha yote aliyoyapitia mwenyewe: chakula chake cha utotoni, homa zake, aliyoyasikia na aliyonyimwa asiyasikie. Kuulaza juu ya mizani na kusoma kabila ni sawa na kuipima gunia la mavuno kisha kuihukumu mbegu, bila kuuliza mvua ilikuwaje mwaka ule.

Nadharia hii haikukosa wapinzani, tena wa heshima. Francis Crick, mmoja wa wavumbuzi wa umbo la DNA, aliishambulia mwaka 1989. Alisema kwamba kwa Darwin kilichofaa huzaa, na watoto wake hutofautiana naye, kisha uteuzi huendelea. Lakini seli za neva hazizaani baada ya kuteuliwa, kwa hiyo kuuita utaratibu huo kwa jina la Darwin ni kutia chumvi. Kwa maoni yangu Crick alikuwa na haki juu ya jina, na Edelman juu ya jambo. Wengine wameonyesha kwamba ubongo haupukutishi tu. Huchipua viungio vipya pia, hata katika utu uzima. Na baki la swali ni kubwa. Hata tukijua jinsi kila kiungio kilivyoteuliwa, bado haijaelezwa kwa nini mtetemo wa umeme ndani ya seli uwe ni uchungu wa jino kwa mwenye jino. Edelman aliandika vitabu kadhaa juu ya fahamu hadi kufa kwake mwaka 2014, na hakuna aliyelifunga faili hilo.

Tena milango hii haifungwi yote kwa kishindo. Nchini India, tangu miaka ya 2000, Pawan Sinha na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia watoto waliozaliwa na ukungu machoni na kupasuliwa wakiwa wakubwa, wengine wakiwa na umri wa kumaliza shule ya msingi. Kwa nadharia kali wasingeona kitu. Wengi wao walijifunza kuona vya kutosha kutambua vitu na kutembea bila kuongozwa, ijapokuwa ukali wa macho yao haukufikia ule wa wenzao. Kwa hiyo mzazi aliyechelewa asikate tamaa. Lakini asichukue pia habari hiyo kuwa ruhusa ya kungoja.

Nasema hivyo kwa sababu jambo hili linatokea hapa hapa. Mtoto wa jicho, ambao wengi huudhani kuwa ni ugonjwa wa wazee, huwapata pia watoto wachanga. Ukungu huziba mboni, picha haifiki ndani, na ubongo huanza kuteua bila jicho hilo. Madaktari wa macho hupendelea ukungu mzito wa kuzaliwa nao, ukiwa katika jicho moja, uondolewe mtoto akiwa na kama majuma 6. Ukiwa katika macho yote mawili, kabla ya kupita majuma 10 hivi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti juu ya watoto waliofikishwa kwa ajili ya upasuaji huo katika hospitali ya KCMC, Moshi, nao ulionyesha kwamba wengi walicheleweshwa miezi mingi na hata miaka baada ya wazazi kuliona tatizo. Sababu zake zajulikana kwa yeyote aishiye vijijini: nauli, umbali, mashauri ya ukoo, na watu wanaosema kwamba mtoto bado mdogo, akikua litaondoka lenyewe. Hospitali ya kuwapasua ipo, na upasuaji wenyewe si wa muda mrefu. Kisichongoja ni ubongo.

Kuutambua hakuhitaji chombo. Mtoto mchanga aangaliwe mboni zake kwenye mwanga. Ikionekana nyeupe au ya kijivu mahali panapostahili kuwa peusi, au jicho likicheza cheza bila kutulia, au mtoto wa miezi 3 asifuate kwa macho uso wa mama yake, apelekwe kwa daktari wa macho juma hilo hilo. Weupe ndani ya mboni waweza pia kuwa ni dalili ya saratani ya jicho, ambayo nayo haingoji.

Na baada ya upasuaji wa jicho moja, mama huambiwa jambo linalomshtua. Hupewa miwani au lenzi kwa ajili ya jicho lililotibiwa, kisha huagizwa kulifunika jicho zima, lile ambalo halijapata kuugua, kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi na miaka. Mtoto hulia na kukibandua kifuniko. Majirani huuliza ni daktari gani huyu anayemfumba mtoto jicho analoonea. Mara nyingi mama hushindwa kuwajibu, kifuniko huwekwa kabatini, na jicho lililopasuliwa kwa gharama na taabu yote ile hubaki halioni. Laiti angeelezwa habari ya wale paka wa mwaka 1965, angejua la kuwajibu: kwamba jicho zima limekwisha kuitwaa nafasi ya mwenzake ndani ya kichwa, na kwamba kifuniko kile ndicho kinachomrudisha mwenzake uwanjani, muda ungalipo.